Tarakilishi Iliyolala: Garissa na Utarakilishi wa Kujitolea

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hii imekaririwa mno katika insha za shule hata ikaelekea kupoteza makali yake. Hata hivyo, upo uwanja mmoja wa sayansi ambamo methali hii si pambo la insha bali ni maelezo kamili ya namna kazi inavyofanyika. Uwanja huo ni utarakilishi wa kujitolea, yaani mpango ambapo mwenye tarakilishi nyumbani huikopesha sayansi nguvu ya mashine yake wakati yeye mwenyewe haitumii. Mashine moja huchangia kidogo sana. Mashine laki moja zikichangia kidogo hicho hicho, hupatikana nguvu ambayo chuo kikuu cha kawaida hakiwezi kuinunua.

Swali linalojadiliwa hapa ni hili: mwanafunzi au mwalimu wa Garissa, ambaye pengine amejinyima miaka miwili ili anunue tarakilishi, ana sababu gani ya kuikopesha kwa watafiti asiowajua, walio Delft, Oxford au Toronto? Wapo wanaoshikilia kwamba hana sababu yoyote. Hoja yao ni nzito na haifai kupuuzwa: umeme ni ghali, joto ni kali, na data ya intaneti hununuliwa kwa vipimo. Makala haya yanadai kuwa sababu ipo, tena kubwa. Yanadai pia kuwa mkopo huo haufai kutolewa ovyo. Utolewe kwa masharti, na sharti mojawapo ni kwamba anayetoa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Hapo ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoingia.

Asili na utendakazi wake

Ni vyema kwanza kueleza jambo lenyewe, kwa kuwa wengi hulisikia kwa mbali. Mwaka 1996 mradi wa GIMPS ulianza kuwaomba wenye tarakilishi wasaidie kutafuta namba tasa kubwa mno. Mei 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilizindua SETI@home, mradi uliochambua mawimbi ya redio kutoka angani ili kutafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia. Mamilioni ya watu walijiunga. Mradi huo uliacha kugawa kazi Machi 2020 bila ya kumpata kiumbe yeyote, lakini ulikuwa umekwisha kuacha urithi wa maana: programu ya BOINC, iliyoanzishwa na David Anderson wa chuo hicho hicho mwaka 2002. Programu hiyo ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na mtafiti yeyote ana ruhusa ya kuitumia kuendeshea mradi wake.

Utendakazi wake si wa ajabu. Mwenye tarakilishi huiweka BOINC katika mashine yake, kisha huchagua mradi anaoupenda. Seva ya mradi huigawa kazi kubwa katika vipande vingi vidogo na kuvituma kimoja kimoja kwa washiriki. Kipande kikifika, mashine hukipigia hesabu kwa saa kadhaa au hata siku kadhaa, ikiacha kila mara kumbukumbu ya mahali ilipofikia ili umeme ukikatika kazi isianze upya. Hesabu ikikamilika, matokeo hurudishwa kwa seva na kipande kingine huombwa. Aghalabu kipande kimoja hutumwa kwa mashine mbili au zaidi na majibu hulinganishwa, kwa kuwa mashine ya mtu yeyote yaweza kukosea, na binadamu naye aweza kudanganya. Yote haya hufanyika kwa daraja ya chini: mwenye mashine akitaka kuandika tasnifu yake, kazi ya sayansi humpisha.

Je, mkusanyiko huu wa vibaba umewahi kujaza pishi? Mwaka 2010 mradi wa Einstein@Home ulitangaza nyota ya aina ya pulsa iliyogunduliwa na tarakilishi za raia wa kawaida wa Iowa, Marekani, na Mainz, Ujerumani. Mwaka 2020, janga la korona lilipoitikisa dunia, Folding@home, mradi unaochunguza mikunjo ya protini, ulipata washiriki wengi hata ukapita kiwango cha hesabu bilioni mara bilioni moja kwa kila sekunde. Wakati huo haikuwapo tarakilishi kuu hata moja iliyotangazwa kufikia kiwango hicho. Ni dhahiri basi kwamba utarakilishi wa kujitolea si mchezo wa wapenda mitambo. Ni chombo cha utafiti kilichokwisha kuthibitishwa.

Anga la Garissa katika mashine za wengine

Pingamizi la kwanza ni kwamba nyota na namba tasa haziwahusu watu wa Garissa, Wajir na Mandera. Yamkini ni kweli. Lakini miradi haikuishia kwenye nyota.

Mwaka 2006 ulizinduliwa mpango wa Africa@home, ulioshirikisha CERN, Chuo Kikuu cha Geneva na Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoko Basel. Mradi wake wa kwanza, MalariaControl.net, uliiga kwa hesabu jinsi malaria inavyoenea katika jamii, na jinsi vyandarua, dawa au chanjo zinavyoweza kuipunguza. Katika majaribio ya awali washiriki wapatao 500 walifanya kwa miezi michache kazi ambayo ingeichukua tarakilishi moja miaka 150. Modeli iliyotumiwa ilijengwa kwa takwimu za nyanjani kutoka Afrika, zikiwemo za bonde la Kilombero nchini Tanzania. Baadaye modeli hiyo ya Basel ilikuwa miongoni mwa modeli nne zilizolinganishwa ili kukadiria manufaa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ile ambayo Kenya ilianza kuitoa kwa majaribio Septemba 2019. Mradi wa MalariaControl.net ulikwisha kufungwa, lakini kazi yake haikupotea.

Mfano ulio karibu zaidi na Garissa ni ule wa mvua. Oktoba 2019 World Community Grid, mtandao wa kujitolea ulioanzishwa na kampuni ya IBM mwaka 2004, ulianza mradi wa mvua ya Afrika pamoja na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, na shirika la TAHMO, ambalo limeweka vituo vya kupimia hali ya hewa katika shule za nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Lengo lilikuwa kuiga mvua ya mwaka mzima kwa eneo lote la Afrika lililo kusini mwa Sahara, kwa undani wa kilomita moja. Eneo hilo lilikatwa katika vipande zaidi ya 35,000, kila kimoja kilomita 52 kwa 52, na kila kipande kilipigiwa hesabu kwa vipindi vya saa 48.

Undani wa kilomita moja una maana gani? Mvua ya Kaskazini Mashariki nyingi ni ya mawingu yanayojijenga kwa haraka na kumwaga maji mahali padogo. Mfugaji wa Balambala aweza kuona radi upande wa Modogashe na asipate tone. Modeli za kawaida za dunia, ambazo kila mraba wake huwa na upana wa makumi ya kilomita, haziwezi kuliona wingu kama hilo. Ili lionekane, hesabu lazima ziongezeke maradufu mara nyingi, na ndiyo sababu nguvu ya tarakilishi ikatafutwa kwa watu wa kujitolea.

Hapa pana jambo la kutafakari. Garissa imo ndani ya eneo hilo. Ina maana kuwa anga la Garissa, pamoja na mawingu yake ya masika na ya vuli ambayo wenyeji huyaita gu na deyr, lilipigiwa hesabu, lakini kwa sehemu kubwa na mashine za watu wasiojua Garissa iko wapi. Hao wanastahili shukrani. Walitoa umeme wao kwa ajili ya mvua isiyowanyeshea. Lakini mwenye shamba akibaki mtazamaji huku majirani wakimlimia, hata akishukuru vipi, mwisho wake atalimiwa kile wanachokipenda majirani.

Gharama ya kutojua

Faida ya kuijua mvua mapema si nadharia katika eneo hili. Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilifuatwa na mlipuko mkubwa wa homa ya Bonde la Ufa, na Garissa ilikuwa kitovu chake. Mapema mwaka 1998 Wajir ikapigwa na mlipuko wa malaria, ugonjwa ambao wakazi wa nchi kavu namna ile hawana kinga nao. Mwishoni mwa 2006 mvua zilirudi kwa nguvu, na homa ya Bonde la Ufa ikaanza tena Garissa. Kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa imeandikisha wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki. Soko la mifugo la Garissa, ambalo ni mojawapo ya masoko makubwa zaidi katika ukanda huu, lilisimama. Nyumba ambayo haikufiwa na mtu ilipoteza riziki.

Safari hiyo ya pili onyo lilikuwepo. Wanasayansi wa NASA, kwa kutazama halijoto ya bahari, mawingu na kijani cha ardhi kutoka kwenye setilaiti, walitoa tahadhari wiki mbili hadi sita kabla ya ugonjwa kudhihirika. Utabiri huo haukutokana na tarakilishi za kujitolea, na haifai kuuhesabia sifa isiyo yake. Unachothibitisha ni kwamba hesabu sahihi zikifanywa kwa wakati huweza kutangulia ugonjwa. Kilichokosekana ni muda wa kutosha na maandalizi ya kuupokea ujumbe huo.

Vilevile hesabu hizi husaidia kutenganisha ukweli na dhana. Ukame ukitokea, upesi husikika kwamba wote umeletwa na mabadiliko ya tabianchi. Watafiti waliotumia mashine za washiriki wa mradi wa Oxford, climateprediction.net, waliuchunguza ukame wa mwaka 2014 katika Pembe ya Afrika. Waligundua kuwa uhaba wa mvua za masika za mwaka huo haukuweza kuhusishwa na shughuli za binadamu, ingawa joto lililoukaza ukame liliweza kuhusishwa. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa mwaka 2023 wa kundi la World Weather Attribution, ambalo Mkenya Joyce Kimutai alikuwa miongoni mwa viongozi wake, uliukagua ukame ulioanza mwaka 2020 na kuhitimisha kuwa mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame wa aina hiyo uwe na uwezekano wa kutokea takriban mara 100 zaidi. Majibu mawili tofauti kwa miaka miwili tofauti! Anayedai fidia kwa wachafuzi wa hewa, na anayepanga malisho ya mwakani, wote wawili wanayahitaji majibu ya namna hii badala ya kauli za jumla.

Bei halisi ya mkopo

Watetezi wengi wa utarakilishi wa kujitolea husema kuwa nguvu inayokopeshwa ni ya bure, kwa kuwa mashine ingekuwa imewashwa hata hivyo. Kauli hii ilikaribia ukweli zamani. Kwa mashine za leo si kweli. Prosesa ya kisasa isipokuwa na kazi hujipunguzia moto na kula umeme kidogo tu; ikipewa kazi huamka na kula zaidi. Mkopo huu una bei, na mwenye kushawishi watu wajiunge bila kuitaja bei hiyo anawahadaa.

Bei yenyewe inahesabika. Tukichukua tarakilishi ya mezani ambayo kazi ya sayansi huiongezea wati 60, ikafanya kazi saa 8 kila usiku, itatumia karibu nusu uniti ya umeme kwa usiku mmoja, yaani kama uniti 14 na nusu kwa mwezi wa siku 30. Kipakatalishi kinachoongezewa wati 20 tu kitatumia chini ya uniti 5 kwa mwezi huo huo. Kwa mwalimu mwenye mshahara, uniti 5 ni sadaka inayovumilika. Kwa mwanafunzi anayenunua tokeni ya shilingi hamsini hamsini, uniti 14 si mzaha. Basi jawabu la kwanza kwa swali la nani ajiunge ni hili: anayeweza. Asiyeweza hana lawama, na asiaibishwe kwa jina la harambee.

La pili ni joto. Mchana wa Garissa hupita nyuzi 35 kwa miezi mingi. Mashine inayofanya kazi nzito katika chumba cha mabati wakati huo itajipunguzia kasi ili isiungue, feni yake itavuma mpaka ichoke, na vumbi litamaliza kazi iliyosalia. Programu ya BOINC inaruhusu mwenye mashine aweke mipaka: ifanye kazi kwa saa anazozitaja tu, itumie nusu ya prosesa badala ya yote, isimame kipakatalishi kinapotumia betri, na isimame pia mwenyewe anapoigusa. Kwa Garissa mipangilio ya busara ni usiku wa manane hadi alfajiri, nusu ya prosesa, mashine ikiwa juu ya meza wala si juu ya godoro, na feni ikisafishwa vumbi mara kwa mara. Mwenye simu naye hakusahauliwa, kwa sababu toleo la BOINC la simu za Android lilitoka mwaka 2013, nalo kwa kawaida hungoja simu iwe kwenye chaji na kwenye mtandao wa Wi-Fi.

La tatu ni data. Miradi haifanani. Ipo ambayo faili zake ni ndogo na mtu wa bando anaweza kuimudu. Ipo, na ule wa mvua ni mmoja wao, ambayo faili zake ni kubwa na zinamfaa mwenye intaneti ya kudumu. Kebo za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, na mkongo wa taifa ulipoendelea kusambazwa mikoani, hali ilibadilika mno ikilinganishwa na enzi za setilaiti. Lakini bei ya data bado humwuma mwenye kipato kidogo. Achague mradi kwa kipimo cha mfuko wake.

Umeme nao una kejeli yake. Kwa miaka mingi miji ya Kaskazini Mashariki iliwashwa kwa jenereta za dizeli. Desemba 2019 mtambo wa umeme wa jua wenye uwezo wa kiasi cha megawati 50 ulizinduliwa karibu na mji wa Garissa, nao ukatajwa kuwa miongoni mwa mikubwa zaidi Afrika Mashariki. Jua lililokuwa likilaaniwa kwa ukame likageuka kuwa bidhaa inayouzwa kwa gridi ya taifa. Chuo au shule yenye paneli zake juu ya paa ina nafasi nzuri kuliko mtu binafsi: mchana huo huo wenye ziada ya jua, maabara yenye kipoza hewa yaweza kufanya kazi ambayo chumba cha mabati hakiwezi.

Ridhaa na usalama

Usemi kuwa mali ya mwenzio huiombi kwa kimya unafaa kukumbukwa hapa. Tarakilishi za maabara ya chuo, za ofisi ya kaunti au za shirika si mali ya anayeziketia. Katika jimbo la Georgia, Marekani, fundi mmoja wa chuo alishtakiwa kwa kuweka programu ya aina hii katika mashine za chuo bila idhini, na kesi yake ikaisha mwaka 2002 kwa faini na kuwekwa chini ya uangalizi. Nia yake haikuwa mbaya, lakini nia njema haichukui nafasi ya ruhusa. Mwanafunzi anayetaka kuihusisha maabara ya chuo chake na aandike barua kwa mkuu wa idara, aeleze umeme utakaotumika na saa zenyewe, na angoje jibu.

Usalama wa mashine nao una kanuni zake. Programu ipakuliwe kutoka kwa wenyewe tu, mradi uchaguliwe ule unaosimamiwa na chuo au taasisi inayojulikana, na masharti yasomwe. Wapo matapeli wanaotumia nguvu ya tarakilishi za watu kuchimba sarafu za mtandaoni kwa siri. Tofauti kati ya tapeli huyo na mtafiti wa haki ni moja: mtafiti huomba, hueleza, na humwacha mtu aondoke wakati wowote.

Ridhaa na lugha

Kueleza huko kunafanyika kwa lugha gani? Hapa ndipo penye kiini cha hoja hii. Ridhaa ya mtu asiyeelewa anachoridhia si ridhaa. Miradi mingi hujieleza kwa Kiingereza, pengine na Kijerumani au Kifaransa. Mwalimu wa Masalani anayesoma Kiingereza cha kiufundi kwa shida atabofya kitufe cha kukubali kama anavyobofya vingine vyote, akiomba Mungu.

Historia inaonyesha kuwa hali hii si ya kudra. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Waliofanya kazi hiyo walilazimika kuamua jina la faili, la dirisha, la kitufe, moja baada ya jingine. Wengine waliwacheka. Lakini walithibitisha jambo ambalo semina nyingi za istilahi hazijalithibitisha: kwamba istilahi hukomaa inapotumika kwenye chombo ambacho mtu anakigusa kila siku, wala si inapoorodheshwa kwenye kitabu kinachokaa maktabani.

Utarakilishi wa kujitolea unatoa uwanja mwafaka wa kazi ya namna hiyo. Yako maneno machache tu, labda mia mbili au mia tatu, yanayohitajika ili programu nzima ya BOINC ieleweke. Kipande cha kazi kiitweje? Kusitisha na kukatisha vitofautishwe vipi? Neno lipi lifae kwa kule kulinganisha majibu ya mashine mbili: uthibitishaji au ulinganishi? Kenya yenyewe bado inasema tarakilishi darasani na kompyuta sokoni, na mjadala huo umewachosha wengi. Pengine dawa yake ni kuacha kujadili neno moja kwa miaka ishirini na kuanza kutafsiri maneno mia mbili kwa muhula mmoja.

Ieleweke kuwa Kiswahili hakiji Garissa kunyang'anya nafasi ya Kisomali. Lugha ya nyumbani kwa wengi huko ni Kisomali, na maelezo ya Kisomali yanahitajika vilevile. Lakini katika chuo ambamo mwanafunzi wa Wajir anaketi na wa Kitui na wa Busia, Kiswahili ndicho mkeka wa pamoja. Wanafunzi wa Kiswahili wakishirikiana na wenzao wa sayansi ya tarakilishi, tafsiri itakuwa sahihi kwa pande zote mbili. Mara ngapi idara hizi mbili zimeketi meza moja?

Garissa kama mtoaji

Kaskazini Mashariki limezoeleka kuandikwa katika magazeti kwa habari za aina mbili, ukame na mashambulizi. Chuo Kikuu cha Garissa kinaujua uchungu wa aina hiyo ya pili kuliko chuo chochote nchini: shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 liliwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016 na kikapata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2017. Wanafunzi waliorudi kusoma pale walikataa eneo lao lihesabiwe kuwa mahali pa misiba tu. Kushiriki katika sayansi ya dunia, hata kwa kibaba kimoja cha hesabu usiku, ni kuuendeleza mkondo huo huo. Eneo ambalo hutajwa daima kama mpokeaji wa msaada na kama data ya watafiti wengine linapata kutajwa kama mtoaji.

Hata hivyo, utoaji usiishie hapo. World Community Grid ilihamishwa kutoka IBM kwenda Taasisi ya Utafiti ya Krembil ya Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata kazi ilisimama kwa miezi kadhaa wakati wa uhamisho. Wakati huo wote mvua ya Afrika ilingoja. Hakuna wa kulaumiwa, kwa kuwa mitambo huhamishwa na fedha hupungua kila mahali. Funzo ni kwamba anayetegemea seva ya mwingine hutegemea pia kalenda ya mwingine. BOINC ni programu huria; hakuna sheria inayoizuia Garissa, Moi, Maseno au Dar es Salaam kuendesha seva yake na kuuliza swali lake: lini Mto Tana utavunja kingo, malisho gani yatabaki Februari, mbu wa homa ya Bonde la Ufa watazaliana wapi. Siku hiyo mwanafunzi wa Uholanzi ndiye atakayeombwa aikopeshe Garissa tarakilishi yake.

Hitimisho

Wafugaji wa Kaskazini Mashariki wana desturi ya kale ya kukopeshana mifugo ya maziwa. Aliyejaaliwa humpa jamaa aliyefilisiwa na ukame ngamia wa kumkama. Maziwa ni ya mkopaji. Ngamia na ndama wake hubaki mali ya mwenyewe. Desturi hiyo haikusimama juu ya huruma peke yake. Imesimama juu ya masharti yanayojulikana na pande zote: mwenye ngamia anajua aliko, anaweza kumtaka arudi, na anayemkama hamdhoofishi mpaka afe. Tena mkopeshaji wa leo anajua kuwa kesho ukame waweza kubisha kwake.

Utarakilishi wa kujitolea ukikubaliwa Garissa kwa kanuni hiyo, utakuwa jambo la heshima. Mwenye mashine ajue hesabu inayofanywa na ni ya nani. Aweke saa zake na mipaka yake. Aweze kuusitisha mkopo bila kuomba radhi. Na siku moja apate naye kukopa. Kwa upande wao, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi ambayo haihitaji ufadhili wa mtu: kuchagua mradi mmoja, kuutafsiri kurasa zake za maelezo na masharti, kuzipitisha mikononi mwa wahadhiri wazikosoe, na kuzipeleka kwa wenye mradi. Kazi hiyo yaweza kumalizika kabla ya mvua za vuli. Kamusi zitakazofuata zitakuwa na maneno yaliyokwisha kutumika, na mwalimu wa Masalani atabofya kitufe cha kukubali, au cha kukataa, akijua anachofanya.